Elki wa Bonde la Cutter

Nordby, Wisconsin
14 Machi 1976

Kwa shemeji Merle,

Hujambo huko milimani? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumbu wako wa mizigo. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa Mama. Amefikisha miaka themanini na mitatu na miguu imegoma. Theluji bado imelala mashambani, ng'ombe wako zizini tangu Novemba, na tumechoka kutazamana.

Najua unajiuliza huyu ametokea wapi. Mara ya mwisho tulionana mlangoni mwa kanisa nikakuita mwizi mbele ya watu. Simu yako ya maandishi ilisema dada yangu Solveig amefariki na kwamba unakuja. Sisi tukadhani unakuja naye, tukamchimbia kaburi kando ya Baba. Wewe ukateremka kwenye treni mikono mitupu, ukasema umeshamchoma na majivu umeyamwaga milimani kama alivyotaka mwenyewe. Kaburi tukalifukia tupu. Miaka mitatu na miezi minne imepita na sioni faida ya kuyarudia.

Nina mambo mawili. Nataka kuja kuwinda elki Oktoba hii. Nimewinda kulungu wa hapa maisha yangu yote, kulungu walionenepa kwa mahindi yangu mwenyewe. Elki, huyo kulungu mkubwa wenu wa milimani, nimemwona kwenye kalenda ya duka la mbegu tu, amesimama mwili kama mtamba na pembe kama mti uliokauka. Mlima sijawahi kuupanda. Nina miaka arobaini na tisa, na nikingoja zaidi sitaupanda.

Jambo la pili ndilo kubwa. Nataka kuwindia pale pale ulipomwacha Solveig. Alituandikia kila mwaka kuhusu hilo bonde lenu lakini hakulitaja jina. Mama ananiuliza kila Jumapili, "Solveig yuko wapi?" Usidhani amesahau kwamba alikufa. Anajua vizuri. Anataka kujua mahali, nami nataka kumwambia nimepaona kwa macho yangu kabla naye hajaondoka.

Ni mimi shemeji yako,
Norval


Hadley Forks, Idaho
2 Aprili 1976

Shemeji Norval,

Barua yako imefika. Niliiweka mezani siku mbili nikiizunguka kabla ya kuifungua. Mimi mzima, nyumbu wazima kunishinda. Mpe Mama salamu zangu, kama salamu zangu bado zinapokelewa nyumba hiyo.

Uwindaji nitakueleza, maana usipoelezwa utakufa, na nikifika tena Wisconsin bila maiti safari hii mtanitundika.

Sahau lile jukwaa lako la juu ya mti. Najua mnavyowinda huko: mtu anapanda na chupa ya kahawa, anakalia ubao, anangoja kulungu aje mwenyewe. Elki analala mlima huu na kesho anakula mlima mwingine, na wewe unamfuata kwa miguu. Tena kwa miguu hiyo hiyo iliyozoea kutoka nyumbani hadi zizini. Huku kuna hewa kidogo. Siku mbili za kwanza kichwa kitakugonga na hutataka kula. Kunywa maji na usiwe na haraka ya kuonekana mwanaume.

Bunduki ya marehemu baba yako iache ukutani, risasi zake hazifiki mbali. Azima kubwa zaidi. Na ujue kwamba ukishamwangusha ndipo kazi inaanza. Dume ana ratili mia saba. Ngozi yake ni nene na inashika joto, usipomchuna mara moja nyama inaoza kwenye mfupa, hata kama kuna baridi ya kukukatisha masikio. Toa mifupa, tia nyama kwenye mifuko ya kitambaa, itundike kivulini ipigwe na upepo. Halafu ubebe mgongoni, safari tano au sita. Nimewaona wanaume wa mjini wakikaa kando ya mnyama waliyemuua na kulia.

Mimi sitakuwepo. Kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba naswaga nyumbu kwenye kambi ya wageni ng'ambo ya mto, mwendo wa siku mbili. Hatutaonana, na labda ni heri.

Kuhusu mahali, tutaongea. Huku watu hawataji mahali, Norval. Mchungaji wetu anahubiri ukweli mwaka mzima, na Oktoba ukimuuliza elki wake kampata wapi anakudanganya bila kupepesa jicho, na hakuna anayemlaumu.

Shemeji yako,
Merle


Nordby
23 Mei 1976

Kwa shemeji Merle,

Tumepokea salamu zako na Mama amesema asante. Alilisema neno hilo bila kuombwa, kwa hiyo nakuandikia ulijue. Mahindi tumeshayapanda. Ng'ombe wawili wamezaa pacha, mambo ya kustaajabisha.

Hapa hakuna mlima, kwa hiyo napanda silo, mnara wetu wa kuhifadhia chakula cha ng'ombe. Ina ngazi ya chuma futi sitini kwenda juu. Kila siku baada ya kukamua nafunga gunia la chakula cha ng'ombe mgongoni, ratili hamsini, napanda mara nane na kushuka mara nane. Jirani yangu Alton Ruud, ambaye atanikamulia ng'ombe nikisafiri, alisimama chini akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Umesahau kitu huko juu?" akaniuliza.

Nikamwambia ninajitayarisha kwa ajili ya milima ya Idaho.

"Basi ukifika huko uulize kama wana silo," akasema. Sasa kijiji kizima kinajua. Wanaume dukani wananiuliza hali ya hewa ya kileleni. Mimi sijali. Wiki ya kwanza magoti yalikuwa yakinililia, sasa yamenyamaza.

Mama ameikataa mifuko ya dukani. Anashona yake kwa vitambaa vya magunia ya unga aliyoyaweka tangu wakati wa vita. Macho yake hayaoni uzi, kwa hiyo mke wangu anamtungia sindano kumi kila asubuhi na kuzichomeka kwenye mto. Ameshamaliza mifuko sita. Nimemwambia inatosha, akasema mnyama uliyetueleza habari zake ni mkubwa, nisimharakishe.

Shemeji, unasema tutaongea. Mimi na wewe hatuongei, tunaandikiana. Basi andika. Sikuulizi kwa ajili ya elki. Hata nisipoona kwato moja nitarudi nimeridhika. Nakuuliza dada yangu yuko wapi.

Shemeji yako,
Norval


Hadley Forks
10 Juni 1976

Shemeji Norval,

Nimecheka peke yangu jikoni kwa habari ya silo mpaka mbwa akatoka nje. Endelea hivyo hivyo. Ila kushuka ndiko kunakomaliza watu huku, si kupanda, kwa hiyo ongeza uzito wakati wa kushuka.

Viatu vinunue sasa na uvivae kila siku, hata zizini. Mwaka jana mgeni mmoja alifika na viatu vipya vya bei mbaya. Siku ya pili nilimshusha amekalia nyumbu, nyayo zimechubuka kama viazi vilivyomenywa.

Haya, mahali. Chukua barabara ya mto kutoka mjini kwenda kusini maili kumi na tisa, hadi Kijito cha Cutter. Acha gari kwenye zizi la zamani la kondoo. Fuata kijito juu kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa silo. Kijito kinaishia kwenye bonde la duara lililozungukwa na mawe ya kijivu, na katikati kuna kundi la misonobari. Ni pale kwenye misonobari.

Usimtajie mtu yeyote hapa mjini. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema kaskazini.

Shemeji yako,
Merle


Nordby
25 Julai 1976

Kwa shemeji Merle,

Salamu kutoka kwetu sote. Tunakata majani ya akiba na joto ni kali. Mama anapumua kwa shida kukiwa na joto. Daktari anasema ni moyo, na kwamba kwa umri wake hakuna la kufanya ila kumwekea feni.

Asante kwa kunitajia. Najua haikuwa rahisi kwako. Nilimsomea Mama kipande kile mara tatu. Sasa anasema "Cutter, Cutter" kama mtu anayejifunza jina la mjukuu. Nimeagiza ramani ya serikali na nimeitandika juu ya meza ya kulia, hakuna anayeruhusiwa kuweka sahani.

Kitu kimoja tu. Nimezitoa barua za zamani za Solveig. Katika ile ya mwaka 1961 anasema mnapiga kambi kando ya ziwa dogo na mchana anafua soksi zako humo. Kwenye ramani, Bonde la Cutter halina ziwa. Je, ninaisoma vibaya? Sisi watu wa tambarare mistari ile ya milima inatuchanganya.

Shemeji yako,
Norval


Hadley Forks
11 Agosti 1976

Shemeji Norval,

Mimi mzima, nina haraka, naweka kwato za nyumbu sawa kabla ya msimu.

Ramani unaisoma vizuri. Ziwa lilikauka. Miaka mingine mvua inakuwa haba na maziwa haya madogo yanakwenda.

Angalia upepo. Jua likipanda, upepo nao unapanda mlima. Jioni unashuka. Elki akikunusa mara moja hutamwona tena mpaka mwaka ujao, kwa hiyo asubuhi uwe juu yake na jioni uwe chini. Pole kwa hali ya Mama.

Merle


Nordby
19 Septemba 1976

Kwa shemeji Merle,

Natumaini barua hii itakufikia kambini kwa hao wanaopandisha mahitaji, kama ulivyosema mwanzoni kwamba unakwenda huko.

Kila kitu kiko tayari. Viatu vimekuwa laini. Bunduki nimeazima kwa Alton, na nimepiga risasi arobaini kwenye ubao wa mbali mpaka bega likawa jeusi. Ratili hamsini zimekuwa themanini, na juzi nilimaliza mara kumi na mbili bila kushika ukingo. Mke wangu amenifungia jibini, soseji, na chapati za viazi ambazo Solveig alikuwa akizipenda. Naondoka tarehe 4 Oktoba alfajiri.

Mama hatoki kitandani tena. Jana aliniita, akaniambia nichukue karatasi niandike, haya ni maneno ya kumsomea Solveig nikifika. Sikutaka kukuandikia lakini nimeona wewe ni mume wake. Alisema: "Mwambie sikumkasirikia alipoolewa mbali. Nilimkasirikia kwa sababu alifurahi huko. Mwambie hilo lilikuwa kosa langu na mifuko nimeshona mimi." Kisha akaniambia niyasome kwa sauti nikifika, nisiyasome moyoni kama ninavyofanya kanisani.

Mimi si mtu wa maneno. Lakini niliyaandika yote, na nitayasoma. Nakushukuru kwamba umenipa mahali pa kuyasomea.

Shemeji yako,
Norval


Kambini, ng'ambo ya mto
2 Oktoba 1976

Norval,

Usiende Cutter. Hayupo pale.

Barua yako imefika leo na mzigo wa shayiri. Aliyeuleta mzigo anashuka kesho na barua hii, na sijui kama itakuwahi. Huku hakuna simu.

Nilikudanganya. Bonde la Cutter ni mawe matupu. Niliwahi kulipita mara mbili katika miaka ishirini na tano na sikukuta hata mavi ya elki. Ziwa halijakauka, liko kwingine, na yeye yuko kwingine. Mtu akiniuliza mahali, mdomo wangu unadanganya kabla sijaamua. Mara ya kwanza ilikuwa hivyo tu, mazoea. Uliponiuliza habari ya ziwa nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na safari hiyo nilidanganya nikijua ninachofanya. Nilitaka abaki kwangu. Mlikuwa naye kabla yangu na mlitaka kuwa naye baada yangu, na hicho ndicho kilikuwa kimebaki mikononi mwangu.

Ukifika Hadley Forks uulize njia ya kambi hii. Nitawaacha wageni nikupeleke mwenyewe. Maneno ya Mama usiyasome Cutter, nakuomba.

Merle


Miles City, Montana
14 Oktoba 1976

Kwa shemeji Merle,

Nakuandikia nikiwa hotelini, njiani kurudi nyumbani. Nimeona nisingoje.

Nilifika Cutter mchana wa tarehe 7. Kichwa kiliniuma kama ulivyosema na nilikunywa maji kama ulivyosema. Kesho yake nilikwenda kwenye misonobari nikavua kofia. Niliyasoma maneno ya Mama kwa sauti, yote, na mwangwi uliyarudisha kutoka kwenye yale mawe ya kijivu, nikaona ni kama yamesikika. Kisha nikakaa. Nilikaa siku nne, shemeji. Sikumwona mnyama yeyote isipokuwa ndege wanaoiba chakula. Nilimsimulia Solveig habari za shamba, nani kafa, nani kauza. Nilimwambia nilikuita mwizi na kwamba najuta. Sijaongea kiasi hicho tangu nizaliwe.

Asubuhi ya tano nilikuwa nafunga mzigo niondoke. Jua lilikuwa halijapanda bado na upepo ulikuwa unashuka usoni kwangu. Dume likatoka nyuma ya misonobari, peke yake, hatua mia moja na themanini. Pembe zenye matawi sita kila upande. Lilisimama likiangalia kwingine. Nilipiga mara moja tu, likaenda hatua chache likapiga magoti.

Nilichuna, nikatoa mifupa, nikatundika. Safari sita kushuka, siku mbili. Mifuko ya Mama haikuchanika hata mmoja. Sikulia kando ya mnyama kama wale wa mjini, lakini nilikaa kidogo.

Sasa najua alipo. Asante, Merle. Nakwenda kumwambia Mama.

Shemeji yako,
Norval


Nordby
24 Oktoba 1976

Merle,

Barua yako niliikuta.

Nilifika nyumbani tarehe 15. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama na viatu vyangu vya matope. Nikamsimulia kila kitu, mawe, misonobari, mwangwi, elki. Aliniuliza rangi ya mawe. Aliniuliza kama kuna maji karibu. Mke wangu alimpikia kipande kidogo na siagi, akala, yeye ambaye kwa wiki mbili alikuwa akinywa supu tu. Akasema, "Solveig ndiye aliyemtoa mnyama huyo." Baada ya hapo ndipo nilipokwenda jikoni nikaona barua zilizofika nikiwa sipo.

Nina hasira na wewe kuliko siku ile ya kanisani. Siku ile sikujua ninachokasirikia. Nilikaa siku nne nikiongea na mawe matupu. Mtu mzima na kofia mkononi, akisimulia bei ya maziwa.

Mama sijamwambia na sitamwambia. Mchungaji alipokuja kumtazama, Mama ndiye aliyemsimulia bonde lilivyo, kama mtu aliyefika. Umenifanya mwongo kama wewe.

Usiniandikie mahali pa kweli. Ukiniandikia sitaamini, kwa hiyo utakuwa umepoteza wino.

Norval


Nordby
16 Desemba 1976

Kwa Merle,

Mama amefariki tarehe 9 mwezi huu. Tulimzika tarehe 13, udongo ulikuwa umeganda na ilibidi wachome majani makavu juu ya ardhi siku nzima ndipo jembe liingie. Amelala upande wa kulia wa Baba. Upande wa kushoto ni palepale tulipofukia patupu.

Hakuteseka sana. Aliondoka akiwa na hakika binti yake yuko wapi, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wake nikijua kwamba sijui. Nakuandikia kwa sababu ulikuwa mkwe wake na ni haki yako kuambiwa. Barua zako mbili za Novemba zipo kabatini. Sijazifungua.

Norval


Hadley Forks, Idaho
9 Januari 1977

Shemeji Norval,

Pole kwa Mama. Nakupa pole kwa moyo wangu wote. Siku ya harusi yetu aliniambia usoni kwamba nina mikono ya mtu asiyekaa mahali. Nilimheshimu tangu siku hiyo, kwa sababu alisema kweli na alinitazama alipoisema.

Kwa vile unaweza usiifungue barua hii pia, nimeandika nje ya bahasha jina la mtu na namba yake ya simu. Lyle Ockerman, ana karakana ya misumeno hapa mjini. Yeye na mimi tumewinda milima hii miaka mingi na hatujawahi kuambiana kweli hata siku moja. Amekuwa akilitafuta bonde letu miaka kumi na minane. Mwaka mmoja alizifuata nyayo za farasi wetu kwenye theluji. Solveig akamzungusha asubuhi nzima akamrudisha kwenye gari lake mwenyewe, kisha akampungia mkono. Lyle mpaka leo hajacheka kwa hilo.

Jumamosi nilikwenda karakana nikamchorea bonde, kwa penseli, kwenye kipande cha ubao. Aliuangalia ubao, akaniangalia mimi.

"Umelewa?"

"Sijanywa."

"Una ugonjwa wa kufa?"

"Sina."

"Basi mbona unanipa?"

Nikamwambia kuna mtu asiyeliamini neno langu, na ana haki, kwa hiyo nimetafuta mdomo mwingine wa kumwambia. Lyle hawezi kunisaidia kudanganya, ananichukia kiasi cha kutosha. Akauegemeza ubao ukutani. Kisha akasema, "Unajua Oktoba nitakuwa huko na wanangu wote wanne."

Nikamwambia najua. Bonde si langu tena, Norval. Limeshatoka mikononi mwangu.

Nakuandikia na wewe, ulinganishe na yake. Barabara ya mto kwenda kaskazini, maili ishirini na sita. Acha gari kwenye daraja la magogo la Kijito cha Basalt. Usifuate njia ya farasi, inakwenda kwenye malisho. Panda mgongo wa mlima ulio kushoto, mwendo wa saa tatu, mpaka ukute ukuta wa mawe mekundu mbele yako. Pita chini yake ukiuacha mkono wa kulia. Ukuta ukiisha utaona ziwa, dogo, unaweza kulizunguka ukiwa bado na kahawa ya moto mkononi. Upande wa mashariki kuna mwamba bapa wa kukaa watu wawili.

Nilimwaga kuanzia kwenye mwamba huo hadi majini. Ilikuwa tarehe 9 Novemba 1972, saa nne asubuhi, theluji ikiwa magotini. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Nilikuwa peke yangu, na hapakuwa na mtu wa kusali. Mimi sijui kusali, nilisema jina lake tu nikarudi.

Ukitaka kwenda peke yako, sasa una njia. Ukinitaka, nitakutangulia mpaka kwenye ukuta mwekundu, halafu nitakaa nyuma, wewe umsalie.

Shemeji yako,
Merle